Wengi Wape, Haki Yake Mpeni: Je, Haki za Kisheria Hutokana na Rai ya Wengi au Hukumu ya Mahakama?

Utangulizi

Wema ni kijiji cha Wapokomo kilicho kando ya Mto Tana, katika eneo la Garsen, Kaunti ya Tana River. Wakazi wake ni wakulima wa mpunga, ndizi, maembe na mahindi, nao huutegemea mto kwa kilimo, kwa uvuvi na kwa maji ya kunywa. Si mbali na mashamba yao hupita mifugo ya Waorma na Wawardei ikielekea kwenye mto huo huo, hasa nyakati za kiangazi. Njia hizo za mifugo kwenda mtoni huitwa malka, na neno hilo, ingawa ni fupi, limewahi kuzua majadiliano marefu na, kwa masikitiko, vita.

Katika baraza moja lililofanyika kijijini humo, mwandishi wa makala haya akiwa miongoni mwa wasikilizaji, suala lililojadiliwa lilikuwa hilo la malka. Kijana mmoja alisimama akapendekeza kwamba jambo hilo lipigiwe kura, upande wenye wengi ushinde, na mjadala ufungwe. Mzee mmoja akamjibu: "Mjukuu wangu, tukipiga kura hapa Wema tutashinda. Je, kura hiyo ikipigwa Garsen nzima? Ikipigwa Kenya nzima?" Mama mmoja akadakia kwamba, ikiwa ni hivyo, basi heri kwenda kortini. Mzee akauliza tena: "Na korti ikishasema, mwanangu, ni nani atakayeisikia?" Watu walicheka, kisha wakanyamaza.

Makala haya yanalenga kulichunguza swali lililoachwa na ukimya huo. Je, haki ya kisheria aliyo nayo mtu hutokana na rai ya wengi, au hutokana na uamuzi wa mahakama? Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaweza kudhani kwamba swali hili ni la wenzetu wa Kitivo cha Sheria. Hata hivyo, lugha yetu imekuwa ikilijadili kwa karne nyingi kupitia methali zake, na hapana budi tuanze na methali hizo.

Methali mbili na sarufi yake

Waswahili husema, "Wengi wape." Methali hii hutumiwa kumshauri mtu akubaliane na kauli ya walio wengi, ama kwa sababu wameshinda kwa idadi, ama kwa sababu kuwapinga ni kujitafutia madhara. Kwa upande mwingine, Waswahili hao hao husema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Maana yake ni kwamba hata mtu asiye na nguvu, na hata kama mmeshamtenza nguvu, hamna idhini ya kumnyima kile kinachomstahiki.

Aghalabu methali hizi mbili huorodheshwa pamoja kama mfano wa methali zinazokinzana. Tukizitazama kisarufi, hata hivyo, tutaona kwamba ukinzani huo si kamili. Kitenzi "-pa" ni kitenzi kinachohitaji shamirisho mbili: kitondo, yaani anayepewa, na kipozi, yaani kinachotolewa. Katika "Wengi wape", kitondo kimetajwa, bali kipozi kimeachwa. Wengi wapewe nini? Methali haisemi. Katika methali ya pili, kipozi kimetajwa waziwazi, nacho ni haki. Isitoshe, kimefungamanishwa na kimilikishi "yake", ishara kwamba kitu hicho kilikuwa chake hata kabla ya kupewa. Anayempa harejelewi kuwa mfadhili. Anarejesha tu kilicho cha mwenyewe.

Jambo la pili ni nafsi inayoamrishwa. "Wape" ni amri kwa mtu mmoja. "Mpeni" ni amri kwa watu wengi, kama kinavyoonyesha kiambishi "-ni". Hivyo basi, methali ya kwanza inamwambia mmoja akubaliane na wengi, ilhali ya pili inawaambia wengi wasimdhulumu mmoja. Ni vigumu kupata ufafanuzi mfupi kuliko huu wa tatizo zima la makala haya. Tutarudi kwenye sarufi hii baada ya kuzipima hoja za pande zote mbili.

Dhana ya haki

Neno "haki" liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, kama vile "sheria", "hukumu", "hakimu" na "wajibu". Katika matumizi ya kila siku lina maana zaidi ya moja. Tunaposema "hakimu alitenda haki", tunarejelea uadilifu. Tunaposema "hii ni haki yangu", tunarejelea stahiki ya mtu fulani. Makala haya yanahusu maana hii ya pili.

Ni muhimu kufafanua kwamba stahiki ya kisheria haisimami peke yake. Kila penye haki pana mtu au chombo chenye wajibu. Mkulima wa Wema akisema ana haki ya kushirikishwa kabla ya ardhi ya kijiji kugawiwa mradi mkubwa, anasema pia kwamba kuna mamlaka yenye wajibu wa kumshirikisha. Pasipo mwenye wajibu, neno "haki" hubaki kuwa tamanio. Kwa hiyo swali letu linaweza kuulizwa kwa namna nyingine: ni nani anayemfunga mwenye wajibu? Je, ni wingi wa watu wanaomzunguka, au ni kauli ya hakimu?

Hoja ya wengi

Wanaosema kwamba haki hutokana na wengi wana hoja nzito. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo ndiyo msingi wa haki zote za kisheria nchini, haikuandikwa na mahakama. Ilipitishwa na wananchi katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 kwa takriban asilimia 67 ya kura, na ikazinduliwa rasmi tarehe 27 Agosti mwaka huo. Miaka mitano kabla yake, tarehe 21 Novemba 2005, rasimu nyingine ilikuwa imekataliwa na takriban asilimia 58 ya wapiga kura. Wengi walikataa, ikafa. Wengi walikubali, ikaishi. Kifungu cha kwanza cha Katiba hiyo chenyewe kinakiri kwamba mamlaka yote ni ya watu wa Kenya. Iweje basi haki isitokane na wengi?

Pamoja na uzito wake, hoja hii ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba wengi wamewahi kutumia wingi wao kupokonya haki. Mnamo Juni 1982 Bunge la Kenya, lililokuwa limechaguliwa kwa kura, lilipitisha kifungu cha 2A kilichoifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria. Haki ya kuunda chama kingine cha siasa ikafutwa kwa siku moja, na haikurudi hadi kifungu hicho kilipoondolewa mnamo Desemba 1991. Katika mwaka huo huo wa 1982, Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa mbele ya mahakama yoyote. Kumzuia mtu bila kesi kuliruhusiwa na sheria, na sheria hiyo ilikuwa na baraka za wengi bungeni.

Kasoro ya pili ndiyo iliyofichuliwa na mzee wa Wema. "Wengi" si kundi la kudumu. Ni matokeo ya mahali tulipochora mpaka. Ndani ya Wema, Wapokomo ni wengi. Ukienda kwenye vijiji vya wafugaji, Waorma ndio wengi. Katika kaunti nzima wapo pia Wawardei, Wamunyoyaya, Wamalakote, Wawaata na wengineo, ambao baadhi yao ni wachache karibu kila mahali. Nayo kaunti yenyewe, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, ilikuwa na watu 315,943 katika nchi yenye watu 47,564,296. Hiyo haifiki hata asilimia moja. Kama haki za ardhi na maji za watu hawa zingetegemea rai ya Wakenya walio wengi, zingetegemea watu ambao wengi wao hawajawahi kufika Garsen wala hawajui malka ni nini. Kila mtu ni miongoni mwa wachache mahali fulani. Anayefurahia kanuni ya wengi akiwa kwake, ataililia akivuka daraja.

Hoja ya mahakama

Je, tuseme basi kwamba haki hutokana na mahakama? Hoja hii nayo ina mvuto wake. Hakimu hahesabu vichwa. Hupima ushahidi na kuisoma sheria. Mwaka 1995 Mahakama ya Kikatiba ya Afrika Kusini, chini ya uongozi wa Arthur Chaskalson, ilifuta adhabu ya kifo katika kesi ya Makwanyane. Majaji walikiri kwamba huenda raia walio wengi waliiunga mkono adhabu hiyo. Wakaeleza, hata hivyo, kwamba kama rai ya umma ingekuwa ndiyo mwamuzi, kusingekuwa na haja ya kuwa na mahakama ya kutafsiri Katiba. Wanaohitaji ulinzi wa Katiba zaidi ni wale ambao umma hauwapendi.

Nchini Kenya tuliushuhudia mvutano kama huo katika mpango wa kurekebisha Katiba uliojulikana kwa ufupi kama BBI. Mpango huo ulikusanya mamilioni ya saini, ukaungwa mkono na mabunge ya kaunti zaidi ya 40 kati ya 47, kisha ukapitishwa na Bunge la Taifa na Seneti mnamo Mei 2021. Kwa hesabu ya wengi, ulikuwa umekwisha kushinda. Lakini Mahakama Kuu iliusimamisha mwezi huo huo, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo mnamo Agosti 2021, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikashikilia kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya Katiba kwa kutumia njia iliyotengewa wananchi wa kawaida.

Hata hivyo, historia inatuonya tusiifanye mahakama kuwa chemchemi ya haki. Mwaka 1921 Mahakama Kuu ya koloni la Kenya iliamua kwamba, kutokana na sheria ya ardhi ya mwaka 1915 na kutangazwa kwa koloni mwaka 1920, Waafrika hawakuwa tena na umiliki wa ardhi waliyoikalia. Walikuwa wapangaji tu wa Mfalme wa Uingereza, wanaoweza kuondolewa atakapo. Hiyo ilikuwa hukumu halali kwa sheria za wakati huo. Je, wakulima wa kando ya Tana waliokuwa wakilima mashamba ya babu zao walikosa haki siku hiyo, kwa sababu jaji wa Nairobi alisema hivyo?

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa Abdilatif Abdalla. Mshairi huyo alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu chake Kenya: Twendapi?, na tungo alizoziandika gerezani zikachapishwa mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Abdilatif hakuwekwa kizuizini bila kesi kama Mazrui. Alishtakiwa, akasikilizwa, akahukumiwa na mahakama. Kama haki ni hukumu, basi itatulazimu kusema kwamba Abdilatif hakuwa na haki ya kuuliza swali lake. Sidhani kama kuna mhadhiri au mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili atakayekubali kusema hivyo.

Kesi ya Delta ya Tana

Tuirejee sasa delta yenyewe, kwa kuwa ndiko hoja hizi mbili zilikopimwa kwa vitendo. Mnamo mwaka 2008 mradi mkubwa wa miwa uliokusudiwa kuendeshwa na Mamlaka ya Maendeleo ya Mito Tana na Athi, yaani TARDA, pamoja na Kampuni ya Sukari ya Mumias uliidhinishwa na mamlaka ya mazingira. Kwa nchi iliyokuwa ikiagiza sukari kutoka nje, mradi huo ulikuwa na mvuto. Laiti Wakenya wote wangeulizwa, yumkini wengi wangeukubali: sukari ni ya wote, delta ni ya wachache. Kwa wakazi, hata hivyo, swali lilikuwa jingine. Mkulima ataupanda wapi mpunga? Mfugaji atapitia wapi kwenda mtoni wakati wa kiangazi? Mvuvi atavua wapi maji yakielekezwa kwenye miwa?

Mahakama Kuu ya Malindi iliusimamisha mradi huo kwa muda mwaka 2008, lakini kesi hiyo ikatupwa mwaka uliofuata. Mwaka 2010 wakazi wa delta walifungua kesi nyingine katika Mahakama Kuu jijini Nairobi dhidi ya Mwanasheria Mkuu na mamlaka mbalimbali za serikali. Malalamiko yao ya msingi yalikuwa kwamba ardhi na maji ya delta yalikuwa yakipangiwa matumizi bila mpango wa jumla, na bila wao kushirikishwa.

Kabla ya hukumu kutolewa, balaa liliingia. Kuanzia Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa mwaka 2013, mapigano kati ya jamii za delta yaliua zaidi ya watu 100. Miongoni mwao walikuwamo wanawake na watoto. Vijiji vya Wapokomo na vya Waorma viliteketezwa kwa zamu. Ifahamike kwamba yaliyokuwa yakipiganiwa, yaani malisho, mashamba na njia za kufika mtoni, ndiyo yale yale yaliyokuwa yakisubiri uamuzi mahakamani. Pale ambapo haki haijulikani ni ya nani, kila kundi hujihesabu, na likijiona ni wengi, hujipa.

Hukumu ilitolewa na Jaji Mumbi Ngugi tarehe 4 Februari 2013. Mahakama haikumpa mmoja delta na kumnyima mwingine. Iliziagiza mamlaka husika zitayarishe mipango ya matumizi ya ardhi ya delta, na zifanye hivyo kwa kuwashirikisha wakazi kikamilifu. Mwaka 2015 Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Delta ya Mto Tana ukazinduliwa. Ni vyema kukumbuka pia kwamba mwaka 2012 delta hiyo ilikuwa imeorodheshwa miongoni mwa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Tunajifunza nini? Kwanza, haki ya wakazi kushirikishwa haikuumbwa na jaji. Ilikuwamo katika Katiba, na wakazi waliidai kabla jaji hajaitamka. Pili, wachache waliweza kuipata bila kuwa na kura za kutosha kumshinda yeyote. Tatu, na hili ndilo gumu, mahakama iliwarejeshea watu wenyewe kazi. Iliwaambia wakae wapange. Hukumu ilifungua mlango wa baraza. Haikukaa barazani kwa niaba yao.

Hukumu isiyosikilizwa

Swali la pili la mzee wa Wema lilikuwa: korti ikishasema, ni nani atakayeisikia? Swali hili lina ushahidi mwingi nchini mwetu. Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa. Mahakama ziliamuru zaidi ya mara moja kwamba Bunge litunge sheria ya kulitekeleza sharti hilo. Bunge halikuitunga. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo, lakini Bunge halikuvunjwa, na Bunge lililochaguliwa mwaka 2022 lilianza kazi bila sharti hilo kutimizwa. Hapa wengi bungeni waliishinda mahakama kwa kunyamaza tu.

Mfano wa pili ni wa jamii ya Waogiek wa msitu wa Mau. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwafukuza katika ardhi ya mababu zao. Mnamo Juni 2022 mahakama hiyo ikaagiza walipwe fidia na wapewe hatimiliki ya pamoja. Hata hivyo, mnamo Novemba 2023 Waogiek walifukuzwa tena msituni na nyumba zao zikabomolewa. Walikuwa na hukumu mkononi.

Mtu anaweza kusema kwamba mifano hii inathibitisha kuwa hukumu si kitu, na kwamba nguvu za wengi ndizo zenye neno la mwisho. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Tunapoiona hali ya Waogiek tunasema wamedhulumiwa, wala hatusemi kwamba haki yao imekwisha. Tusingeweza kusema wamedhulumiwa kama hawangekuwa na haki inayodhulumiwa. Ni kweli kwamba haki isiyotekelezwa ina upungufu mkubwa, lakini bado ni haki, na mwenyewe hukata rufaa, huandamana, hutunga mashairi na kuwasimulia wanawe mpaka atakapoipata.

Wapokomo wanalijua hili vyema. Mwanzoni mwa karne ya 20 watawala wa kikoloni waliitwaa Ngadji, ngoma yao takatifu iliyokuwa alama ya mamlaka ya jamii. Ngoma hiyo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, na sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1963 inalizuia jumba hilo kutoa vitu vyake isipokuwa kwa sababu chache. Hakuna mahakama iliyoamuru irudishwe, na hakuna wengi wa kupiga kura irudi. Lakini muulize mzee yeyote wa Tana ngoma ni ya nani, usikie kama atasitasita.

Kurudi kwenye sarufi

Tukirejelea methali zetu, jibu la swali linaanza kudhihirika. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 19, inaeleza kwamba haki zilizomo katika Sura ya Nne ni za kila mtu, na hazitolewi na serikali. Hili ndilo neno "yake" katika methali: haki ilikuwa ya mwenyewe tangu hapo. Wengi walioipigia kura Katiba mwaka 2010 hawakuziumba haki hizo. Walikiri kuwa zipo, kisha wakajifunga wao wenyewe wasiziguse kwa urahisi. Walijisemea "mpeni", nao walikuwa wengi.

Je, wengi wanaweza kujifungua? Wanaweza, na lazima tukiri hivyo. Kifungu cha 255 kinaruhusu hata Sura ya Nne irekebishwe kwa kura ya maoni, mradi angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti, na wengi wa wapiga kura waunge mkono. Mahakama ya Juu mwaka 2022 ilikataa hoja kwamba kuna sehemu za Katiba zisizoweza kubadilishwa kamwe. Lakini tuone tofauti: rai ya wengi ni jambo moja, na uamuzi wa wengi uliofuata utaratibu ni jambo jingine. Rai hubadilika kwa hotuba moja ya mkutano wa hadhara. Utaratibu hudai muda, hoja na uwazi, na humpa mchache nafasi ya kusikika kabla ya fundo kulegezwa. Kazi ya mahakama ni kulishika fundo hilo na kuuliza kila mara: je, mliolifungua mmefuata njia mliyoiweka wenyewe?

Uhusiano huo umo pia katika sheria zinazogusa vijiji kama Wema moja kwa moja. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka mkataba wa uwekezaji katika ardhi ya jamii uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo wakiwa mkutanoni. Hapo wengi wamepewa, na kipozi kimetajwa: wamepewa uamuzi juu ya mkataba. Lakini sheria hiyo hiyo inampa kila mwanajamii, mwanamume kwa mwanamke, haki sawa ya kunufaika na ardhi hiyo. Theluthi mbili haziwezi kupiga kura kwamba wajane wasipate chochote. Hata mila, ziwe za Gasa ya Wapokomo au Matadeda ya Waorma, zinaheshimiwa na sheria mradi hazikiuki Katiba. Mabaraza haya ya wazee yana nafasi kubwa katika kupatanisha, kwa kuwa yanasikika mahali ambapo sauti ya korti haifiki. Pia yanawajibika kumpa mnyonge haki yake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba swali la iwapo haki hutokana na wengi au na mahakama limefunganisha mambo matatu yanayofaa kutenganishwa: haki yenyewe, ambayo ni ya mwenyewe, sheria inayoikiri, ambayo hutungwa na wengi kwa utaratibu, na hukumu inayoilinda, ambayo hutolewa na mahakama. Mahakama isipokuwapo, wengi watajipa wasichopewa. Watu wasipokuwa tayari kutii, hukumu itabaki katika majalada. Na mwenye haki asipoidai, wote wawili watasinzia.

Mapigano yalizuka tena katika Kaunti ya Tana River mwaka 2024. Kwa hiyo hatujadili methali kwa kujifurahisha. Ni methali ipi itakayotangulia kusemwa barazani, siku ambayo ng'ombe wataonekana karibu na mpunga, ni jambo linaloweza kuamua kama watu watalala majumbani mwao usiku huo.

Tukumbuke pia kwamba Wakenya wote, kila wanapousimama wimbo wa taifa, huimba mahadhi yaliyotokana na bembelezi ya Wapokomo. Taifa zima limekubali kuchukua sauti ya watu wachache wa kando ya Tana na kuifanya yake. Lililobaki ni kuwasikia watu hao wanaposema, si wanapoimbiwa tu. Wengi wapewe uamuzi wao, kwa kuwa ni wao. Mnyonge naye apewe haki yake, kwa kuwa ni yake. Kijana wa baraza la Wema hakukosea kutaka kura, wala yule mama hakukosea kuitaka korti. Walichohitaji ni kuketi tena chini, wakiwemo na wenye ng'ombe, na kuitaja shamirisho iliyoachwa: nani apewe nini.